Kesi ya Breki na Jiwe la Kiewo

Kiewo ni senta ndogo kwenye barabara ya kutoka Sori kwenda Ndhiwa, na jina lake kwa Kijaluo ni mpaka, kwa sababu hapo Migori inaisha na Homa Bay inaanza, ama kinyume chake, kutegemea umeamkia ubavu gani. Ina duka la mbolea, kanisa la mabati, kinyozi mmoja, na posho mill ambayo injini yake ilikufa na mwenyewe akahamia Mfangano kuuza samaki. Chini ya upenu wa posho mill hiyo kuna benchi moja refu, na mbele ya benchi kuna jiko la makaa la Milka, mama mnene wa maneno machache, ambaye watu humwita Nyar Rangwe kwa kuwa aliolewa kutoka huko. Huuza kahawa ya tangawizi kuanzia alfajiri mpaka birika likauke. Birika likikauka bunge limevunjwa, na hata kama ulikuwa katikati ya neno, unalimeza unaenda kwako.

Wabunge wa kudumu ni watatu. Kuna Nicanor, anayeitwa Wakili kwa sababu miaka minne alichemsha chai katika ofisi ya wakili fulani mjini, na mwenyewe anaapa kwamba sheria ilimwingia na mvuke. Kuna Oliver, Injinia, fundi wa simu na redio, ambaye hakuna kitu kimewahi kuharibika mkononi mwake. Huwa tu kimemaliza siku zake. Kuna Nyangau, Mkuria muuza mahindi, aliyevuka mpaka wa Tanzania mara nyingi mpaka akabandikwa jina la Kastam. Wa nne huja akipata nafasi. Ni Jacktone, dereva wa miaka thelathini na minne, anayeitwa Breki kwa sababu gari lake la kwanza halikuwa nazo.

Sasa kuna jambo lazima nilitoboe mapema, kabla hujaanza kuwahurumia watu hawa. Kando ya barabara pale Kiewo kulikuwa na jiwe lililopakwa rangi nyeupe, kubwa kama mbuzi aliyelala, na hilo ndilo jiwe la mpaka. Kila Jumanne askari wa ushuru wa Homa Bay hufika kukagua biashara. Kila Ijumaa hufika wa Migori. Nyar Rangwe hakuwa na nguvu ya kulipa kaunti mbili, na ukimuuliza, hata moja. Basi Jumanne alfajiri jiwe lilisogezwa upande wa Ndhiwa, mpaka mbele ya duka la mbolea, na jiko likawa liko Migori. Ijumaa likasogezwa upande wa Sori, mpaka mlangoni pa kinyozi, na jiko likawa liko Homa Bay. Kuhamisha jiwe kulikuwa rahisi kuliko kuhamisha moto. Askari hao hubadilishwa kila baada ya miezi michache, na mgeni haulizi jiwe limetoka wapi. Aliyekuwa akilibeba ni Breki, kwa kuwa ndiye mwenye kifua, na malipo yake yalikuwa kikombe. Mambo hayo yalikuwa yamekwenda miaka mitatu.

Ijumaa moja Breki alibeba jiwe kama kawaida, akanywa kikombe chake, akatazama saa, akaona ulimwengu umemwacha. Saa mbili kamili alitakiwa awe mbele ya Mwalimu Marcella, mkuu wa shule moja ya bweni upande wa Ndhiwa, kwa mahojiano ya kazi ya kuendesha basi la shule. Miaka sita mtu huyu alikuwa akiendesha magari ya watu, leo yuko barabarani, kesho yuko kwenye benchi. Hii ilikuwa kazi ya mshahara na sare ya bluu. Akarukia gari la mjomba wake, probox. Kwenye kalavati, mwendo wa dakika tano hivi kwa miguu kutoka kijiweni, askari wa trafiki akainuka kutoka nyuma ya kichaka na kamashine kake ka kupima mwendo mkononi. Themanini na tatu, mahali pa hamsini.

Alifika kwa mahojiano akiwa na karatasi ya korti mfukoni, na Mungu ni nani, akapita. Mwalimu Marcella alimwambia basi ni lake shule zikifunguliwa, ila alete barua kwamba hana kesi yoyote ya barabarani. Breki akaitikia ndiyo mwalimu, hakuna shida mwalimu, na karatasi inamchoma paja. Jumapili mkewe Roseline akasimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Bwana amemkumbuka mume wake. Akina mama wakapiga vigelegele, na Breki akainamisha kichwa kama anayeomba.

Jumatatu akaileta karatasi kijiweni. Wakili akaisoma kwa miwani yenye kioo kimoja, taratibu, akilamba midomo.

— Umeitwa korti ya wapi? akauliza.

— Huku Homa Bay.

— Na ulishikiwa wapi?

— Kwa kalavati.

— Kalavati ya nani?

Maisha yake yote Breki hakuwahi kuulizwa kalavati ni ya nani.

— Hapo sasa, Wakili akasema, akaikunja karatasi. Hiyo kitu inaitwa jurisdikshen. Kama kalavati ni ya Migori, korti ya Homa Bay haina mdomo ya kukula hiyo kesi. Inatupwa nje, unabaki safi kama mtoto wa jana. Huyo afisa alikuwa amesimama ama ameinama?

— Alikuwa amechutama kwa kichaka.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alijua anachukua kitu ya wenyewe.

Breki akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Hakuna utamu kama kuambiwa na mtu mwenye miwani kwamba hukukosea.

Injinia hakukubali kuachwa nyuma. Alieleza kwa kirefu kwamba ile mashine hutoa mwali, mwali huenda ukagonga gari na kurudi, na kwa njia lazima upite juu ya lami iliyopata jua. Lami ya moto hupinda mwali. Kwa hiyo mwendo ule haukuwa wa Breki hata kidogo, ulikuwa wa hewa. Na hewa, akauliza, imeandikishwa kaunti gani? Nyangau akatikisa kichwa kwa huruma, akasema hawa watu wa bara hawajui mipaka, mipaka aulizwe yeye.

— Kule Isebania, akasema, ng'ombe akisimama kichwa iko Tanzania na mkia iko Kenya, hakuna askari anamgusa. Sasa angalia gari. Mataa ya mbele yameingia Homa Bay, buti bado iko Migori. Si ni kweli?

— Endelea, Kastam.

— Basi hiyo spidi igawanywe. Themanini na tatu kwa mbili. Inakuja arobaini na moja na nusu kila kaunti. Na sheria ilisema hamsini. Kijana alikuwa anatembea.

Wakili akasema haba na haba hujaza kibaba, na hakuna aliyeuliza inahusiana vipi. Nyar Rangwe, ambaye alikuwa akipepea makaa, ndiye pekee aliyeinua uso.

— Nyathina, mwanangu, akamwambia Breki, si uende tu useme ulikimbia? Sema ulichelewa kwa sababu yangu. Hakimu ni mtu. Na huyo mwalimu wako pia ni mtu.

Wote watatu walimgeukia pamoja. Walimweleza kwa upole kwamba kukiri kosa ni kwa watu wasio na marafiki. Breki alimtazama yule mama, na moyoni alijua kwamba maneno yake yalikuwa mepesi na yangeweza kubebeka. Lakini akafikiria vile vigelegele vya kanisani. Akaomba kikombe cha pili.

Kortini alisema vile alivyofundishwa, isipokuwa ile hesabu ya Kastam, ambayo ilimtoka kichwani alipopanda kizimbani. Hakimu alikuwa mama wa sauti ya chini, na hakucheka hata kidogo. Aliuliza mshtakiwa anakana kwamba alikuwa anakimbia? Breki akasema yeye hajafika huko, yeye yuko kwa mpaka. Hakimu akaandika, akamtazama juu ya meza, akasema hata ikiwa hivyo, bado kuna mambo ya sheria atakayoyaangalia, lakini kwa kuwa mshtakiwa mwenyewe ndiye aliyeuleta mpaka, basi aje na ushahidi wa mpaka uko wapi. Akampa wiki mbili.

Kijiweni habari hiyo ilipokelewa kama ushindi. Wakili alisema ameona kesi nyingi, na hakimu akiandika jambo, jambo hilo tayari limemshinda. Akaagiza karatasi ya foolscap, akaandika barua kwa ofisi ya ardhi, kurasa mbili, akiomba atumwe mtaalamu aje Kiewo athibitishe mpaka rasmi kabla haki ya mnyonge haijapotea. Breki akatia sahihi. Injinia akaipiga picha na kuituma. Wakaagiza kahawa ya kujipongeza, na ni Nyar Rangwe aliyeuliza, birika mkononi, kama wameshakumbuka ni mpaka gani wanaita mtu aje kuuona.

— Hiyo haina shida, Wakili akasema. Mpaka ni jiwe. Na jiwe tuko nalo.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya Breki kurudi kortini, na ofisi ya ardhi ikiwa imejibu kwamba mtu anakuja, jiwe la mpaka lilipanda buti ya probox kwa mara ya kwanza katika uhai wake. Breki alilinyanyua kutoka mlangoni pa kinyozi, kwa maana tangu jana yake lilikuwa limeshawekwa tayari kwa askari wa Ijumaa. Kastam akashika upande mmoja, Injinia akashika kazi ya kutoa maagizo. Walivuka kalavati, wakaenda mbele hatua sitini, wakaliweka kwenye nyasi, Wakili akarudi nyuma akafumba jicho moja kulipima. Akasema limekaa kama lililozaliwa pale. Kalavati sasa lilikuwa ndani ya Migori kabisa. Breki alitazama nyuma akaona kwamba kwa asubuhi moja ameiongezea Migori kipande cha barabara, mashamba mawili ya miwa na nyumba ya mjane mmoja.

Mtaalamu alikuja saa tatu kwa pikipiki. Walikuwa wametarajia mzee mwenye tumbo na faili. Akashuka msichana mwenye gambuti, begi mgongoni na kifaa cha manjano chenye miguu mitatu, akasema anaitwa Terry. Hakuja moja kwa moja kijiweni. Walimwona kwa mbali akipita kalavati, akainama, akapiga picha, akainama tena. Alikaa huko kitambo. Kisha akarudi, akasalimia kila mtu kwa mkono, akaketi mwisho wa benchi na kuomba kahawa. Wakili alimlipia kabla hajafungua pochi.

— Madam, karibu sana, Wakili akasema. Bila shaka umeona jiwe.

— Nimeliona, baba.

— Na faili inasemaje?

Terry akatoa karatasi kuukuu yenye madoa ya kutu, akaisoma kwa sauti. Ilisema mpaka unatoka mlimani, unashuka, unavuka barabara penye jiwe jeupe. Basi. Hapakuwa na neno lingine juu ya Kiewo.

— Kwa hivyo mahali jiwe iko, mpaka uko, Wakili akasema, na akampiga Breki begani. Kesi imekwisha.

Breki alifumba macho. Aliliona basi la shule, na yeye ndani yake na sare ya bluu, na watoto wakipanda mmoja mmoja. Aliyafungua akakuta yule msichana anamtazama, si kwa ukali.

— Ni wewe una kesi?

— Ni mimi, madam.

— Nyasi zilizo chini ya lile jiwe bado ni za kijani, akasema. Zimelala tu, hazijakauka. Sasa ninauliza kitu kimoja, niandike niende. Jana jiwe lilikuwa wapi?

Injinia alianza kusema kwamba karibu na ziwa ardhi hutetemeka kidogo kidogo, watu wasihisi, na jiwe linaweza kutembea. Akaona macho ya Terry, akaishia njiani. Kastam alisema huko Isebania swali kama hilo hujibiwa na mkubwa wa kituo. Wakili alivua miwani akaanza kuifuta, ule upande usio na kioo.

Nyar Rangwe akaweka birika chini. Alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba jana lilikuwa pale mlangoni pa kinyozi. Na Jumanne lilikuwa hapa kwa duka la mbolea. Na wa kulaumiwa ni yeye na jiko lake, hawa wengine walikuwa wanamsaidia tu. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuitisha sukari.

Terry hakumkemea. Aliinuka akaenda mlangoni pa kinyozi, akatazama chini. Akaenda duka la mbolea, akatazama chini. Mahali pote pawili palikuwa na kipara kwenye udongo, na vipara vyote vilikuwa sawasawa. Akarudi.

— Na kabla hamjaanza kulihamisha, mama? Mwanzo kabisa lilikuwa wapi?

Nyar Rangwe akamtazama Breki.

Wote wakamtazama Breki, kwa maana yeye ndiye aliyelinyanyua siku ya kwanza. Na Breki akarudi nyuma miaka mitatu, akatafuta. Aliikumbuka siku yenyewe vizuri. Kulikuwa na manyunyu. Yeye na Injinia walikuwa wanabishana kuhusu mpira, na Nyar Rangwe akasema jamani, huyo mtu wa ushuru anakuja, nisaidieni. Akainama akabeba, huku bado anabishana. Alikumbuka hata nani alifunga bao. Pale alipoinama hakupakumbuka, kwa sababu hakupaangalia.

— Hicho kifaa hakiwezi kutuambia? Injinia akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua.

— Hiki kinaniambia mimi niko wapi, Terry akasema. Jiwe lilikuwa wapi, hicho hakijui. Aliyepaswa kujua ni jirani.

Akafunga karatasi yake. Alisema ataandika alichokiona, kwamba alama imesogezwa na wenyeji hawajui mahali pake, na kwamba nakala itafika kortini kesho. Kusogeza alama ya mpaka ni kosa, akaongeza, tena si dogo. Lakini hiyo ataiachia ofisi yake. Wakili, kwa mazoea tu, akauliza kosa hilo litasikizwa korti ya upande gani. Hata yeye mwenyewe alitamani angelimeza lile neno.

Breki akasimama. Hakumwambia mtu anaenda wapi. Aliwasha probox, akaenda mwendo wa kuku mpaka ng'ambo ya kalavati, akalitia jiwe ndani peke yake, akarudi. Alipofika mbele ya posho mill alizima gari, akalitoa jiwe akalikumbatia kifuani, shati lote likageuka chokaa na matope. Akaenda mlangoni pa kinyozi, akasita. Akageuka kwenda duka la mbolea, akasita huko pia. Alisimama katikati ya lami.

— Weka chini, nyathina, Nyar Rangwe akamwambia. Utaumia mgongo.

— Niweke wapi, mama?

— Omera, ndugu yangu, Wakili akaita kwa sauti ndogo, na sasa kesho utamwambia nini hakimu?

Jiwe lilikuwa likimteleza Breki mikononi. Katika mambo yote ambayo yamesemwa kwenye benchi lile kwa wiki zote hizo, alitafuta moja ambalo yeye mwenyewe ana hakika nalo.

— Themanini na tatu, akasema. Na nikitoka hapo niende kwa Mwalimu Marcella, nimwambie hiyo hiyo.

Roseline naye angeambiwa jioni, na hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko korti. Nyar Rangwe aliinua birika kumjazia Terry kikombe, akalitikisa, akaligeuza. Likatoa vipande viwili vya tangawizi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna mtu aliyeinuka kwenye benchi kwenda kwake.